Wakala anataka milioni 4.8 anipeleke China nikafundishe Kiingereza, na sijawahi kufundisha hata siku moja

Anti shikamoo. Naomba jina langu usiliweke. Mimi ni binti wa miaka 25 niko Mwanza, nimemaliza chuo 2023, digrii ya sosholojia, na matokeo hayakua mabaya ila mpaka leo kazi hakuna, nimeomba mpaka nimechoka kutoa kopi za vyeti. Sahivi nakaa kwenye kibanda cha mama mdogo cha kutuma na kutoa pesa hapa Nyegezi, ananipa elfu nne kwa siku na chakula cha mchana, namshukuru sana lakini Anti sikusoma miaka yote ile nije kuhesabu floti ya mtu.

Sasa kuna dada nilisoma nae yuko China anasoma, kila siku anapost yuko kwenye treni za kasi, nikamuuliza na mimi nafikaje huko akanipa namba ya wakala mmoja yuko Dar. Huyo kaka anasema kuna shule ya chekechea inataka mwalimu wa Kiingereza, mshahara yuan 9,000 kwa mwezi na nyumba wanatoa wao. Nitaingia na viza ya biashara alafu nikishafika shule itanibadilishia. Yeye anataka milioni 4.8, nusu sahivi, nusu tiketi ikitoka, na nafasi anasema zimebaki mbili, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilimwambia ukweli kwamba mimi sio mwalimu na sijawahi kusimama mbele ya darasa, akacheka akasema we ongea tu, watoto wa Kichina watajuaje. Alafu akaniambia ila mtu akikuuliza sema umekulia Afrika Kusini. Sikuelewa ni kwanini ila sikutaka kuuliza sana nisije nikaonekana mshamba.

Mama ana kiwanja Buhongwa aliachiwa na marehemu baba na kuna mtu anatoa milioni tano taslimu. Mama amesema mwanangu kiwanja hakiongei, kauze ukatafute maisha. Nikimuangalia anavyosema hivo roho inaniuma kwa sababu najua ndo kitu pekee alichonacho.

Kingine Anti, Kiingereza changu. Nimesoma shule ya kayumba, Kiingereza cha kweli nimekutana nacho form one kama wengi wetu. Kuandika naandika vizuri tu, kuongea naongea lakini natetemeka, na nikiwa na haraka ule Usukuma unatoka, r na l zinabadilishana viti.

Nimejaribu na mwenyewe kuangalia kazi za kufundisha nje, Thailand, Korea, Uarabuni, kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. Huo uzoefu nitautoa wapi kama hakuna anayenipa kazi ya kwanza? Nimpe huyu kaka hela au nifanyeje?

Binti wa Nyegezi

---

Marahaba mama. Hela usimpe, na mama asisaini karatasi yoyote ya kiwanja. Nimeanza na hilo kwa sababu hiyo Ijumaa iko karibu na nakujua wewe ni mtu wa haraka, unaweza ukasoma nusu ukakimbia. Sasa vuta stuli ukae.

Kwenye barua yako kuna sentensi moja umeipita mbio, ile ya kusema umekulia Afrika Kusini. Mimi hapohapo ndo nimemsoma huyo kaka. China kibali cha kufundisha Kiingereza kwa kawaida kinaenda kwa watu wa nchi ambazo wao wanazihesabu Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa nayo, yaani Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini, tena mtu awe na digrii na awe na miaka miwili ya kazi au cheti cha kufundishia. Digrii unayo, cheti kinatafutika, ila pasi ya Afrika Kusini huna na hutakua nayo kwa kubadilisha maneno mdomoni. Kwaiyo huyo kaka anajua kabisa mlango wako umefungwa, anakupitisha dirishani, na anakufundisha cha kujibu ukidakwa huku mguu mmoja uko ndani mmoja nje. Wapo Waafrika wengine wanafundisha China kihalali, wengine wamesomea hukohuko, wengine wako shule za kimataifa wanafundisha hesabu au sayansi, sikatai. Ila hao hawakuingia kwa viza ya biashara.

Na viza ndo kila kitu hapa. Ya biashara wanaiita M, ya kazi ni Z. Utaratibu ni kwamba mwajiri akiwa hukohuko China anaomba kwanza barua ya kibali cha kazi, inatoka na jina lako na namba ya pasi yako, hiyo barua ndo unaibeba ubalozini Dar kuombea Z, alafu ukifika una siku 30 za kushughulikia kibali cha kuishi. Barua inatangulia, ndege inafuata. Mtu akikwambia panda ndege kwanza barua itakukuta, jua barua haipo. Sheria yao ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema mgeni anaefanya kazi bila kibali anapigwa faini ya yuan 5,000 mpaka 20,000, na kesi ikiwa nzito anawekwa ndani siku 5 mpaka 15, na anaweza kurudishwa kwao. Piga hesabu na mshahara wako wa 9,000, ukikamatwa mwezi wa pili umefanya kazi ya bure na kiwanja kimeshaota nyumba ya mtu mwingine.

Sikuambii haya kwa kusoma tu. Mwaka 2014 mimi niliondoka hapa, Msukuma wa Magu kama unavyoniona, nikaenda Thailand kufundisha, na niliingia na viza ya utalii kwa sababu shule iliyonichukua ilisema njoo tu tutashughulikia. Wakashughulikia miezi saba. Kila viza ikikaribia kuisha napanda basi usiku naenda mpakani natokea Laos nagonga mhuri narudi, nauli juu yangu. Siku moja asubuhi tumemaliza kuimba wimbo wa taifa, kule saa mbili kamili asubuhi bendera inapanda na kila mtu anasimama wima, mama wa ofisini akaja anakimbia kwa visigino anatuita mimi na kaka mmoja Mkameruni, akatusukumia kwenye stoo ya vifaa vya michezo akafunga kwa nje. Wakaguzi wamekuja. Tulikaa mle kama masaa mawili tumekalia mipira ya wavu, jasho linatiririka, mimi na gauni langu la ualimu nilishonesha Kariakoo, na kupitia dirisha dogo nawasikia watoto wangu wa darasa la tatu wanapiga kelele hawana mwalimu. Yule kaka akaniambia kwa Kiingereza chake cha Kifaransa, dada, mwalimu gani anafichwa na mipira. Mwezi ule mshahara wakatukata theluthi nzima na hatukua na pa kulalamikia, utaenda kwa nani useme nimedhulumiwa na wewe mwenyewe ukionekana tu umeshakosa? Hiyo ndo maana halisi ya kukosa kibali mwanangu. Faini na mahabusu ni kitu kimoja, ila kila siku unayoamka unafanya kazi kwa mtu ambae anajua huwezi kwenda popote kumshtaki.

Nikahama shule, ya pili ikanipa viza ya kazi na kibali, nikakaa mpaka 2018. Kazi ileile, watoto walewale, maisha tofauti kabisa.

Kwaiyo sasa twende kwenye swali lako la msingi, unaanzia wapi. Kwanza tukate nchi ambazo zitakupotezea muda. Korea Kusini viza yao ya ualimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza ni zilezile nchi saba nilizokutajia pale juu, futa. Japani wao hawaangalii nchi kihivyo, kwa viza ya mwalimu wa lugha wa mashuleni wanataka uwe umesomeshwa kwa hiyo lugha miaka isiyopungua 12. Chukua kalamu. Form one mpaka form four, minne. Form five na six, miwili. Chuo, mitatu. Jumla tisa. Ile miaka saba ya msingi ulisoma kwa Kiswahili, haihesabiki. Mtoto wa jirani yako aliepelekwa ingilish midiamu anafika kumi na sita, na Wakenya mnaonisoma wengi wenu hesabu yenu inatimia, ila binti wa kayumba kama mimi na wewe inagota kwenye tisa. Inauma lakini bora uijue leo bure kuliko kuijua kwa milioni nne. Marekani nao wana mpango wa kuchukua walimu wa nje kwa viza ya J-1, ila wanataka miaka miwili kamili ya kufundisha, huo sio wa kazi ya kwanza. Na yale mambo ya kufundisha watoto wa Kichina mtandaoni ukiwa nyumbani kwako, ambayo watu bado wanayauzia kosi, China yenyewe ilibana Julai 2021, ikakataza makampuni ya tuisheni kuajiri walimu walioko nje kufundisha watoto wao.

Inayobaki ya kweli kwa mtu wa aina yako ni Thailand, na nitakueleza uzuri na ubaya wake. Uzuri ni kwamba digrii ya fani yoyote wanaikubali, sosholojia yako inaingia, shule inakuombea ruhusa ya muda kutoka baraza lao la walimu linaitwa Khurusapha, na kwa sababu hutoki kwenye nchi wanazozihesabu Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa nayo utadaiwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza, TOEIC au IELTS, kwenye TOEIC shule nyingi zinataka kuanzia 600. Viza inaitwa Non-B, shule inakutumia makaratasi wewe uko bado hapa Nyegezi, maombi siku hizi yanajazwa mtandaoni, na ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi. Ukishafika unapata kibali cha kazi na kila siku 90 unaripoti uhamiaji unapoishi. Ukifanya kazi bila hicho kibali faini ni baht 5,000 mpaka 50,000 na kufukuzwa. Mwaka wao wa shule unaanza Mei, muhula wa pili kwenye Novemba huko, kwaiyo wanatafuta walimu sana mwezi wa tatu na wa nne na tena wa kumi. Ukituma maombi mwezi wa saba ukakaa kimya ukasema nimekosa bahati, hujakosa bahati, umekosa kalenda.

Ubaya sasa. Malipo hayako sawa. Mimi nilianza na baht 18,000, darasa la pembeni kijana wa Kiingereza aliemaliza chuo juzi, hajawahi kufundisha hata kuku, analipwa 32,000. Matangazo yanaandika waziwazi wanataka wazungumzaji wa kuzaliwa, na mengine yanataka picha, na wewe na mimi tunajua picha ni ya nini. Ukikutana na tangazo hilo pita, usikae kubishana nao wala kuandika barua ndefu. Tafuta shule ambazo tayari zina Wafilipino, Wakameruni, Waganda, maana ofisi ya shule ile imeshazoea makaratasi ya watu wa aina yetu na haitakuambia njoo kwanza. Na kabla hujasaini omba namba ya mwalimu mmoja mgeni anaefundisha pale, muulize swali moja tu, kibali chako cha kazi kilitoka baada ya muda gani. Akisita, umeshajibiwa.

Sasa huo uzoefu. Hapa nina neno na wewe kwa sababu unasema hakuna anaekupa wa kwanza na wakati umekaa juu yake. Mwanza hapo kila mwaka darasa la saba wakimaliza mtihani mwezi wa tisa mpaka wanaingia form one Januari, mitaa yote inajaa vibao vya pre-form one. Wale watoto ni wewe wa miaka kumi na mbili iliyopita, juzi alikua anasoma sayansi kwa Kiswahili, kesho anakutana na Biology na hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Hivyo vituo vinachukua walimu vijana na havina masharti makubwa, hela yake ndogo lakini unapata wiki kumi na zaidi za kusimama mbele ya watoto arobaini wasiojua Kiingereza, na hiyo mwanangu ndo kazi yenyewe ya Thailand, imebadilika rangi ya sare tu. Nenda na shule za ingilish midiamu za huko Buhongwa na Igoma uombe umsaidie mwalimu wa darasa la kwanza hata siku tatu kwa wiki. Jioni chukua watu wazima wawili watatu, wapo wahudumu wa hoteli, wapo madereva wa watalii wanaoenda Serengeti, wafundishe kuongea na mgeni. Andika kila kipindi kwenye kaunta buku, tarehe, wanafunzi wangapi, ulifundisha nini, nini kiligoma. Ukimaliza omba barua yenye mhuri wa mkuu wa shule inayosema kuanzia lini mpaka lini na masaa mangapi. Na omba ruhusa kwa mkuu na wazazi urekodi dakika kumi za kipindi, usipambe, simu iwe imesimama kwenye dawati la nyuma. Mimi kwenye ile shule ya pili sivii yangu hawakuisoma, waliangalia video.

Maana kwenye intavyu watakwambia fundisha kidogo tukuone, wanaita demo, na hapo ndo wenye Kiingereza kizuri wanaangukia. Mimi demo yangu ya kwanza nilieleza wakati uliopo na wakati uliopita kwa Kiingereza safi kabisa dakika kumi na tano, watoto wananiangalia kama taarifa ya habari. Mwalimu mwenyeji akaninong'oneza niishie, akachukua mfuko, akaingiza mkono, akatoa embe, akauliza kitu gani hiki, akatoa kitana, akatoa soksi, darasa likalipuka. Kipindi chake chote hakikua na maneno zaidi ya thelathini. Ukifanya pre-form one fanyia mazoezi hilo, ongea kidogo, watoto waongee sana.

Cheti cha TEFL, yaani cha kufundishia Kiingereza watu wasiozaliwa nacho, chukua, chagua cha masaa 120 kwa sababu ndo kipimo ambacho waajiri wengi wanakitaja, ila usidanganyike na vile vya dola kumi na tano vya kumaliza wikiendi, shule zinavijua. Kizito kuliko vyote ni CELTA cha Cambridge ambacho ndani yake unafundisha watu halisi masaa sita huku unaangaliwa, ni ghali, kwa sasa sio chako. Kama una mwaka wa kusubiri mimi ningekusukuma uende ofisi ya Chuo Kikuu Huria hapo Mwanza ukaulizie stashahada ya uzamili ya ualimu, ile wanaita PGDE, kwa watu wenye digrii isiyo ya ualimu kama wewe. Ina mazoezi ya kufundisha ndani yake, inasomeka ukiwa kazini, na ukiwa nayo hubanwi tena na Thailand peke yake, Uarabuni shule nzuri zinataka digrii na ualimu uliosomewa, na hata hapa nyumbani unaajirika. Kaulizie ada uilinganishe na milioni 4.8 ya yule kaka.

Kuna na jirani hapa watu wanamruka. Rwanda ilihamisha ufundishaji kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, uamuzi ulitoka 2008, na 2022 ilichukua walimu kutoka Zimbabwe. Kutoka Mwanza kwenda Kigali ni basi, sio ndege, mko Jumuiya moja, ukishindwa unarudi nyumbani kwa nauli ya kukopa. Mshahara hautakutajirisha na shule kubwa zitakudai ualimu, lakini mwaka mmoja wa Kigali kwenye sivii ni mwaka wa kufundisha nje ya nchi, na ile miaka miwili ya matangazo unakua umeshaikata nusu.

Na kimoja cha mwisho ambacho hukuniuliza. Ukishakua na ualimu au hata mwaka wa kufundisha, angalia tovuti ya ubalozi wa Marekani Dar wakitangaza FLTA, ni mpango wa Fulbright wa kupeleka walimu vijana kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo kufundisha lugha zao, na sisi lugha yetu ni Kiswahili. Hicho Kiswahili ambacho kimekua kizuizi kwenye hesabu ya Wajapani, kule ndo wanakilipia, na kwa Kiswahili hakuna mtu atakuambia sema umekulia kwingine. Ushindani ni mkubwa na ukimaliza lazima urudi, ila kuomba ni bure.

Kuhusu r na l. Kwetu Magu tulikua tunasema kula kura na kura kula, na mwalimu wangu wa darasa la nne alikua na kioo kidogo cha kunyolea ndevu anakipitisha dawati kwa dawati, kila mtu aangalie ulimi wake uko wapi, kwenye l umegusa nyuma ya meno, kwenye r haugusi hapo. Nikafika Thailand, wiki ya kwanza namuuliza mtoto unapenda kula nini ananijibu kwa furaha, teacher I like lice. Chawa! Darasa zima wanapenda chawa. Yule Muingereza wa baht 32,000 alikua anawarudia tu rice, rice, rice kwa sauti inayopanda, hajui wanakosea wapi kwa sababu yeye hajawahi kukosea. Mimi nilienda sokoni nikanunua vioo vidogo ishirini. Kutetemeka kutaisha kwa kusimama, wiki mbili za pre-form one utakua unawagombeza kwa Kiingereza bila kufikiri, ila kajisomee kwa sauti nusu saa kila siku hapo kwenye kibanda wateja wakipungua, wakikucheka wacheke.

Leo jioni mtumie yule kaka ujumbe huu, kopi kama ulivyo: "Kaka habari, niko tayari kulipa. Naomba kwanza nakala ya usajili wako wa uwakala wa ajira nikauhakiki TaESA, na barua ya kibali cha kazi kutoka kwa shule yenye jina langu na namba ya pasi yangu. Nikizipata nalipa siku hiyohiyo." TaESA ni wakala wa serikali wa huduma za ajira. Usimtukane wala usimwambie umeongea na mimi. Alafu niandikie amekujibu nini, kama atajibu.

Anti